Jiwe la Kusagia Likinyamaza

Mama, uliyemzaa mume wangu,

Ulezi wako umeota. Nimetaka neno hilo litangulie hata kabla ya salamu, kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza. Umeota vizuri, hata kwenye ile pembe ya chini karibu na kijito, ambako ulisema udongo wake una kiburi. Agnesi hajambo. Meno ya mbele yametoka yote, na anatembea akishika chochote anachokikuta. Juzi alishika mkia wa mbuzi wakaenda wote mpaka kwa jirani. Mimi nami ni mzima, kama mtu anavyoweza kuwa mzima.

Tulipokuzika nilikaa muda mrefu bila kuandika kitu. Hata ile barua ya kumpasha mwanao Dominiko habari, kule mkongeni Tanga, aliiandika Mwalimu wa shule, maana mkono wangu ulikataa. Mimi nilikaa tu pembeni, Mwalimu akauliza, "Niandikeje?" nikamjibu, "Andika mama yake amelala." Akaandika. Leo nimekaa nyuma ya nyumba, mahali petu pa jua la asubuhi. Penseli ninayo, fupi kama kidole cha Agnesi. Karatasi ni zilezile za kufungia sukari kutoka dukani Sumbawanga, zile za kahawia ulizokuwa ukizinyoosha kwa kiganja juu ya paja lako mpaka zinalainika kama nguo.

Barua hii nitaipeleka gazetini. Najua ungecheka na kusema, "Bado hujachoka na watu hao?" Nilichoka, Mama. Nilichoka kabisa. Sasa sijachoka, na habari ya jinsi nilivyochoka na jinsi nilivyoinuka ndiyo ninayotaka kukupa. Watu wengine wakiisikia pia si vibaya. Wewe mwenyewe hukujua kunong'ona.

Unakumbuka siku niliyofika? Nilitoka Kirando na kaka yangu Yohana. Huko kwetu ziwani mtu analala mlango wazi kwa joto, na mimi nikapanda milima na kanga moja. Tulipofika juu, upepo ulinipiga mpaka meno yakagongana. Wanawake wa nyumba yenu walikuwa wamejipanga uani. Nikasimama wima nikasema, "Shikamooni," kama tunavyosema kwetu. Wifi Tekla akawageukia wenzake. "Kumbe wa ziwani hawana magoti?"

Wakacheka. Sikujua kwamba kwenu bibi arusi hupiga magoti na kupiga makofi polepole anapowasalimu wakwe. Nilitaka ardhi inimeze. Ndipo ukatoka ndani, mwembamba, na moshi machoni, ukasema, "Magoti anayo, yameganda baridi tu. Mpeni moto kwanza, mtayaona."

Hilo ndilo neno la kwanza nililosikia kinywani mwako. Mama, mara nyingi nimefikiri kwamba mtu akipata neno moja la namna hiyo siku ya kwanza, anaweza kukaa mahali miaka mingi.

Halafu likaja jambo la shamba. Hili nalisimulia kwa ajili ya wasomaji wasioijua Ufipa, maana wewe mwenyewe ulilisimulia mpaka nikawa na jina. Huko juu, mvua zikiwa bado nzito na majani yamefika kiunoni, watu hukata udongo pamoja na majani yake, wakaugeuza, wakayafunika majani ndani ya kilima kidogo cha mviringo. Shamba zima huonekana kama ng'ombe wengi waliolala. Vilima hivyo huitwa intumba. Juu yake hupandwa maharage. Maharage yakishavunwa, vilima huachwa kiangazi chote, na majani yanaoza humo ndani. Mvua za kwanza zikirudi, ndipo vilima hubomolewa na kutawanywa, na ulezi hupandwa juu ya uozo huo. Hapo ndipo chakula kinapotoka.

Mimi hayo nilikuwa siyajui. Kwetu tunalima mihogo kidogo na tunasubiri dagaa. Basi nikaona maharage yamekwisha, shamba limejaa vilima ovyo, nikajiambia, leo mama mkwe wangu atajua kwamba amepata mtu wa usafi. Wewe ulikuwa umekwenda msibani. Nikachukua jembe. Nikabomoa kilima, nikakuta nyasi ndani bado za manjano, nikazivuta, nikazikusanya, nikazichoma. Nikabomoa kingine. Uliporudi jioni, kipande kizima cha shamba kilikuwa tambarare kama uwanja wa boma, nami nimesimama katikati nangoja sifa.

Tekla alishika kichwa. "Jamani! Mke wa Dominiko amefukua chungu kabla hakijachemka!"

Wewe uliinama ukaokota unyasi mmoja uliobaki, ukaunusa, ukanipa niunuse. "Unanuka nini?"

"Unanuka majani, Mama."

"Ndiyo. Ungenuka udongo, ungekuwa umeiva." Kisha ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukakaa chini, na mimi niliyekuwa nalia nikacheka pia. Mwaka ule ulezi wa kipande kile ulitoka mwembamba kama nywele za mzee. Ulikivuna peke yako, na hukuruhusu mtu akitaje mbele yangu isipokuwa wewe. Wewe ulikitaja kila siku.

Dominiko alipopanda lori la manamba kwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba, nilikuwa na mimba ya Agnesi. Tukabaki wawili, wewe na mimi, na upepo. Ndipo Mwalimu alipoanza kuniazima lile gazeti la kila mwezi, likiwa limeshasomwa na watu wengi mpaka kona zimekuwa mviringo. Ulikuwa ukisaga ulezi, nami nikikusomea ili usichoke. Siku moja nikakusomea hadithi iliyoletwa na msomaji fulani. Ukasikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Huyu hajui kusema uongo. Wewe ukiniambia habari za ziwani, hata samaki nawaona. Kwa nini wewe huandiki?"

"Mimi nimesoma madarasa manne tu, Mama."

"Na huyu amesoma mangapi, mbona ananichosha?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Niliandika habari ya dhoruba ziwani, siku baba yangu na wenzake walipotupa samaki wote majini ili mtumbwi usizame, na jinsi mama yangu alivyowapokea mikono mitupu akapika uji wa furaha. Niliandika huku Agnesi akiwa mgongoni mwako. Kila asubuhi ulimchukua ukaniambia, "Nenda kaandike kabla jua halijawa kali. Mimi na huyu tuna mazungumzo yetu." Na nikimaliza kipande nilikuja kukusomea jiweni.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikufundishwa shuleni. Ulikuwa ukisaga, jiwe la juu likienda na kurudi juu ya lile la chini, kwaa, kwaa, na mimi nasoma. Mahali maneno yalipokuwa ya bure, jiwe liliendelea. Mahali maneno yalipokuwa na uhai, jiwe lilinyamaza. Wewe hukujua kwamba unafanya hivyo. Mimi nilijua. Jiwe likiendelea, nilikuwa naweka alama pale kwa kucha, kesho yake nafuta na kuandika upya. Sikuwahi kukuuliza, "Ni nzuri?" Niliuliza jiwe.

Tukaenda Sumbawanga na maharage ya kuuza, tukaipeleka bahasha posta pale bomani. Uliishika kwanza kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa, ukaipumulia, kisha ukampa karani. "Mzee, isianguke njiani," ukamwambia. Karani alikuwa kijana, umri wa Dominiko. Akajibu, "Haianguki, mama, barua hazina miguu." Ukamwambia, "Ndiyo maana nakuambia wewe mwenye miguu."

Tukarudi. Gazeti likaja, habari yangu haimo. Likaja lingine, haimo. Nikawa kila Mwalimu akipita njiani, moyo wangu unamkimbilia kabla sijainuka. Akitikisa kichwa kwa mbali, narudi ndani. Nikaacha kula vizuri. Nikawa nakosa maziwa ya kumtosha Agnesi, na wewe ukaliona hilo kabla yangu. Siku moja nikakusanya karatasi zote nilizobaki nazo, nikazipeleka motoni. Ukanishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Zimenishinda, Mama. Hawazitaki."

"Nani kakuambia hawazitaki?"

"Wamenyamaza."

Ukaninyang'anya karatasi, ukazikalia. Kweli, ulizikalia, na kanga yako na kila kitu. Ukasema, "Mtoto wa ziwani, wewe umerudia palepale. Umezika majani juzi, leo umeshika jembe unafukua kuona kama ulezi umeota. Sikiliza. Kuzika majani ni kazi yako. Kuoza ni kazi ya majani. Ukiingia katika kazi isiyo yako, utanuka moshi tu."

Nikalia. Nikasema, "Sasa nikae tu?"

"Nani amesema ukae? Juu ya kilima tunapanda nini?"

"Maharage."

"Basi panda maharage."

Mama, nimesikia mahubiri mengi kanisani, na Mungu anisamehe, hakuna neno lililonikaa kama hilo. Kesho yake nilianza hadithi nyingine, na hiyo ndiyo ya yule msichana. Sikumpa jina. Aliolewa kutoka ziwani akapelekwa nchi ya juu yenye baridi. Kila siku akimaliza kazi alikwenda mpaka ukingoni, mahali milima inapokatika, akaliangalia ziwa likiwa mbali chini, dogo kama kipande cha kioo. Kaka yake alikuwa amemwambia, "Ukichoka, shuka tu. Njia ya kushuka haina mwenyewe."

Jiwe lako lilinyamaza siku nyingi kwa ajili ya msichana huyo. Ulimchukia mume wake aliyekwenda mbali, mpaka nikakuambia, "Mama, huyo ni mwanao." Ukajibu, "Najua. Mtie adabu kidogo humo kwenye karatasi." Ulipenda zaidi mahali anapokosea kusalimia. Kila nikifika pale ulijifanya hujui kinachokuja.

Ikafika mahali msichana amesimama ukingoni, mtoto mgongoni, kanga mbili begani, na njia ya kushuka iko mbele yake. Hapo nikakwama. Mwezi mzima nikawa naandika na kufuta. Wakati huo kifua chako kilikuwa kimeanza. Mvua za mwisho wa masika zilikukuta shambani, ukitengeneza vilima huku ukikohoa, na nilipokuambia uache ukanijibu kwamba majani hayamngojei mgonjwa. Kipupwe kilipoingia hukutoka tena nje. Nilisaga mimi. Jiwe mikononi mwangu lilikuwa zito, wala halikujua kunyamaza.

Mchana mmoja uliniita. Jua lilikuwa limeingia mlangoni likafika miguuni pako, na ulikuwa umeyatoa magoti nje ya blanketi ili yaote. Ukasema, "Yule msichana. Alirudi?"

Nikafikiri, niseme tu alirudi. Niseme hakurudi. Lolote, ili apumzike. Nikafungua kinywa, ukainua kidole.

"Usinidanganye ili nilale. Unajua au hujui?"

"Sijui bado, Mama."

"Vizuri. Ukijua utaniambia."

Ukamwomba Agnesi. Nikakulazia pembeni. Mkaanza mazungumzo yenu.

Sitaandika habari ya siku tatu zilizofuata. Watu waliofiwa wanazijua, na wasiofiwa wangoje.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kuamka na kulala. Karatasi zilikuwa ndani ya kile kikapu chako, juu darini, moshi ulipozikinga na wadudu. Sikuzigusa. Nilikuwa nikisikia sauti ya jiwe kwa majirani, naingia ndani. Nimsomee nani? Nilifikiri kwamba nimekuwa mwandishi, kumbe nilikuwa mkwe anayemfurahisha mama mkwe wake, na mama mkwe hayupo, basi kazi imekwisha. Nilijiambia hivyo kila siku mpaka maneno yale yakawa kama sala.

Siku ya kuanua tanga ndugu wengi walikuwepo na moto ulikuwa umezimika. Tekla akaingia ndani kutafuta cha kuwashia, akatoka na karatasi mkononi. Akaniuliza, "Wifi, hizi za sukari una kazi nazo?" Nikaona mwandiko wangu. Ulikuwa ukurasa wa mwanzo wa hadithi ya msichana, ule wa salamu bila magoti. Nikasema, "Sina." Akaukunja akauwasha. Uliwaka vizuri, Mama, kwa haraka, kama kitu kilichokuwa kinangoja ruhusa. Nikasonga ugali juu ya moto ule.

Kaka Yohana alikuwa amekuja siku hiyo kutoka Kirando na gunia la dagaa. Alingoja watu wapungue, akanivuta kando.

"Dada, huyu mama alikuwa mtu. Mimi mwenyewe nimemlilia. Lakini sasa hapa umebaki na nani?"

"Na Agnesi."

"Na upepo. Mumeo mkataba wake haujaisha, na hata ukiisha huenda akatia saini tena, wengi wanafanya hivyo. Njoo nyumbani. Mama anakuulizia. Mtoto ajue kuogelea."

Nilitamani kwenda, Mama. Sitaki kukuficha. Niliisikia harufu ya dagaa kwenye lile gunia nikaona nyumba yetu, wavu uliotandazwa, mama yangu mzazi akipepeta. Nikamwambia, "Nitakwenda. Ila vilima vya Mama havijabomolewa. Vilikuwa vya mwisho, amevitengeneza akikohoa. Nani atavibomoa? Acha mvua zije, nipande ulezi wake, kisha nitakuja."

Akasema, "Mkaidi wewe. Basi nitakufuata ulezi ukishaota." Akanishika kichwa, akashuka.

Hivyo nikawa nimekaa kwa ajili ya vilima tu. Kwa ajili ya hadithi, la. Hadithi nilikuwa nimeshaisongea ugali.

Mvua zikaja. Kwa desturi yenu niliwaalika wanawake wa jirani waje tulime pamoja, na niliwapikia pombe ya ulezi wa mwaka uliopita, ule uliouvuna wewe. Tekla akaja wa kwanza, jembe begani. Tulipoanza kubomoa nilivunja kilima cha pembeni nikainama kunusa. Udongo mtupu, Mama. Mweusi, unyevu, hauna unyasi hata mmoja. Nikakaa chini palepale.

Tekla akapita akasema, "Safari hii hujafukua chungu mapema." Lakini alisema kwa upole, naye akakaa kando yangu. Akachukua udongo akausugua kiganjani. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Sasa yule msichana wako alirudi au hakurudi?"

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Msichana gani?"

"Aa, wifi! Yule wa ukingoni. Mwenye kanga mbili."

"Nani amekuambia habari zake?"

Mwanamke aliyekuwa mstari wa nyuma akajibu, "Si Mama Dominiko? Kijitoni kila siku. Tulikuwa tukimaliza kuchota maji hatuondoki."

"Hata mimi nilichelewa nyumbani nikagombezwa na mume wangu," akasema mwingine, "eti ninyi wanawake maji mnayatengeneza huko?"

Nilisimama na jembe langu. Mama, mbona hukuniambia? Mimi nyumbani nalia kwamba watu wa gazetini wamenyamaza, na wewe ukijitwika mtungi unakwenda na msichana wangu kijitoni. Nilikuwa nafikiri nina msikilizaji mmoja.

Nikawauliza, "Na kwa nini ninyi hamkuniuliza kitu?"

Tekla akasema, "Alitukataza. Alisema mpishi akijua wageni wamejaa uani, atapakua kibichi. Kila tukimuuliza mwisho alisema, mwenyewe bado hajajua, mwacheni. Amekwenda hajatuambia." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Mimi nimekaa na hilo tangu msiba. Nimeogopa kukuuliza, maana ulikuwa unaonekana umekufa na wewe."

Nikamwambia, "Wifi, hadithi ile ndiyo uliyowashia moto."

"Ipi?"

"Ile karatasi ya sukari. Ndiyo ukurasa wa kusalimia."

Aliutupa udongo uliokuwa kiganjani. "Mimi nilijua iko kichwani mwako," akasema. "Kumbe uliiweka huko kwenye karatasi? Na ukaniambia huna kazi nayo?" Akainuka amekasirika kweli, amekasirika kama vile nimemchomea yeye. "Wewe mtu wa ziwani! Ungesema! Haya, leta penseli yako. Ukurasa wenyewe nilioula ugali wake si ule wa kusalimia? Nausema wote."

Na akausema. Pale shambani, huku tukibomoa vilima vyako, Tekla alisema ukurasa wote kama ulivyousema wewe, na wenzake wakimsahihisha. Wala haukuwa kama nilivyouandika. Katika ule wa kwako, mama mkwe ana meno yote. Ana shingo ndefu, na zamani wanaume walimpigania. Wifi anayemtania bibi arusi ana domo kubwa kama mlango wa zizi, na hapo Tekla akasema, "Alinionea, lakini nilicheka." Na lile neno la moto na magoti uliliweka mwishoni, baada ya kimya kirefu, si mwanzoni kama nilivyoliweka mimi. Ni bora hivyo. Nilikuwa mwandishi, nawe ukanisahihishia bila kujua kusoma.

Jioni ile sikungoja. Wageni walipoondoka, kabla jua halijazama, nilishusha kikapu nikaandika ukurasa ule upya, kama ulivyousema. Mama mkwe nimemwachia meno yote.

Mama, habari ya dhoruba haijatoka gazetini mpaka leo. Mwalimu bado akipita anatikisa kichwa. Nami bado moyo unashtuka kidogo, siwezi kusema uongo. Lakini sasa akishapita naendelea na ninachofanya. Naandika asubuhi, Agnesi nikiwa nimemfunga kanga kiunoni na ncha yake kwenye mguu wa kigoda, asije akaenda na mbuzi. Siku nyingine ni mistari miwili. Siku nyingine ni kufuta tu. Zikija siku za kuona kwamba ni kazi bure, na zinakuja, hasa upepo ukiwa mkali na nyumba ikiwa na mlio ule wa mtu ambaye hayupo, nakwenda shambani nanusa udongo.

Na wewe mwanamke mwingine, popote utakaposomewa haya, kama una karatasi chini ya mkeka wako na unafikiri hakuna anayekungoja, mimi sijui kama yupo. Nasema tu kwamba mimi pia sikujua.

Juzi kaka yangu alikuja, kama alivyoahidi. Aliuona ulezi umeota, akasimama kwenye ukingo wa shamba, akaniuliza, "Haya, dada. Tunashuka?"

Mama, nimejua. Ulisema nikijua nikuambie.

Yule msichana alisimama pale ukingoni na mtoto mgongoni. Ziwa lilikuwa limeng'aa chini, na aliona hata moshi wa vijiji vya wavuvi, au alidhani ameuona. Njia ilikuwa nyeupe na rahisi. Akatoa mguu mmoja. Nyuma yake, kijijini, wanawake walikuwa wakisaga, na mlio wa mawe ulikuja na upepo kama unavyokuja kila siku. Kisha jiwe moja likanyamaza. Alingoja liendelee, halikuendelea. Ndipo akageuka, kuona ni nani anayesikiliza.

Nimewasomea wanawake kijitoni. Tekla alijitwika mtungi wake akaenda, na mbele kidogo akausahau ukamwagika.

Kaka ameshuka peke yake. Nimempa ulezi wa mwaka jana ampelekee mama yangu, na nimemwambia kwamba kiangazi nitakuja na Agnesi ajifunze kuogelea, kisha tutarudi kabla ya mvua, maana kuna vilima.

Pumzika sasa. Magoti yako yasipate baridi.

Ni mimi mkwe wako, mtoto wa ziwani,
Mama Agnesi